Kingo za Bati

Gregory alifika Geita mvua za vuli zilipoanza, mwaka wa hamsini na tatu. Alitokea Nyasubi, kule Kahama, ambako alizoea kukata bati kwa mkasi wa mkono na kutengeneza ndoo na vibatari. Mgodini walimpa kazi ya mabomba mapana ya bati jembamba, yale yanayopeleka hewa chini kwa wachimbaji. Walimpa na chombo ambacho hakuwahi kukishika: mkasi wa upepo. Ulishikwa kama bunduki fupi, na mpira mrefu uliuunganisha na kompresa, mashine ya kubana hewa, iliyonguruma nje ya karakana. Ukibonyeza kifyatulio, makali yake yalitafuna bati kama mbuzi anavyotafuna majani.

Nyapara wa karakana, Cornel, alimfundisha kwa maneno machache. Vaa miwani. Vaa glavu za ngozi. Libane bati kati ya mbao mbili, maana bati jembamba likitetemeka hurusha mkono. Mpira upite nyuma yako, usiwe mbele ya makali.

"Na ukimaliza kukata, piga tupa kingo zote," alisema. "Zote. Usiache hata ukingo mmoja."

Gregory aliitikia, lakini kupiga tupa kulimchosha. Mkasi wa upepo ulikata upesi mno, tupa ilikuwa ya polepole, na jioni alikuwa na njaa. Akawa anayaegemeza mabati ukutani kingo zake zikiwa mbichi, zenye vijino vikali vya kuchana nyama, akijiambia kwamba atazimaliza kesho.

Kesho yake alizikuta zimemalizwa.

Alidhani amesahau. Mara ya pili alipitisha kidole polepole kwenye ukingo, na ulikuwa laini kama mdomo wa kikombe. Chini sakafuni kulikuwa na unga wa chuma, mpya, bado unang'aa. Tupa ilikuwa mezani, si kwenye msumari alikoitundika.

"Nani anaingia humu nikishaondoka?" alimuuliza Cornel.

"Hakuna. Mimi ndiye nafunga, mimi ndiye nafungua."

"Basi kuna mtu anapiga tupa mabati yangu."

Cornel alikuwa akifunga kamba ya kiatu. Aliiacha ikining'inia. Kisha akamweleza jambo ambalo kambi nzima ililijua isipokuwa yeye mgeni. Kabla yake palikuwa na fundi aitwaye Januari, mtu wa Shinyanga, hodari kweli. Siku moja ukingo wa bati ulimchana kiganjani. Jeraha lilikuwa dogo, akacheka, akalifunga kwa kitambaa cha kufutia mafuta, akaendelea na kazi. Baada ya siku kadhaa taya lake likakaza. Akashindwa kumeza uji. Mgongo ukajikunja kama upinde, na hata mlango ukifungwa kwa kishindo mwili wote ulimkakamaa. Pepopunda. Walimzika hapo kambini, ng'ambo ya korongo.

"Mkewe bado yupo," Cornel alisema. "Mama Limi. Yule anayeuza uji getini."

Gregory alipumua. Mke! Bila shaka ni mke. Mjane mwenye uchungu, mwenye ufunguo wa marehemu, anakuja alfajiri kumalizia kazi iliyomuua mumewe. Alimwonea huruma, akaona afadhali amwache. Alipita getini amshukuru, lakini hakumkuta. Waliomjua walisema ameacha kuuza uji kwa muda kwa sababu ya ugonjwa wa mtoto. Yeye akaendelea kuacha kingo mbichi, na kila asubuhi akazikuta laini. Aibu ilimwisha, akazoea. Alichokigundua ni kimoja tu: siku za mwanzo mikwaruzo ya tupa ililalia upande wa kulia, na sasa ililalia kushoto. Hakulitilia maanani.

Mama Limi alirudi getini katikati ya mwezi wa kwanza. Gregory alimwona getini, mwanamke mrefu, mwembamba, na binti mdogo mgongoni.

"Mwadila, Mama Limi," alimsalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila, baba."

"Mimi ndiye fundi wa mabati. Nimekuja kukushukuru."

Aliacha kukoroga uji. "Kwa lipi?"

"Kwa tupa. Najua ni wewe."

Paskalia, maana ndilo jina lake, hakukana. Alitazama chini. "Nisamehe. Uliingia karakana ya mume wangu, nikapita nje ya dirisha, nikaona kingo umeziacha vile. Sikupata usingizi. Ufunguo wake nilikuwa nao. Nikawa nakuja kabla ya jogoo."

"Hukunikosea. Ila pumzika sasa, nitazipiga mwenyewe."

"Nimepumzika zamani," alisema, akamtazama kwa mshangao. "Limi aliugua surua tangu kabla ya Krismasi. Nilimpeleka Kolandoto, kwa mama yangu, karibu na hospitali. Nimerudi jana. Na ufunguo nilimrudishia Cornel siku ile niliyoondoka."

Gregory aligeuka akaitazama karakana: hata asubuhi ile alikuwa amezikuta kingo laini. Paskalia alimsoma usoni, akaelewa. Alimkabidhi mtoto kwa jirani, akajifuta mikono kwenye khanga, akasema, "Nionyeshe."

Ilikuwa saa ya chakula cha mchana. Kompresa ilikuwa imezimwa, na wenzake wote walikuwa wamekwenda kula. Jua lilipiga paa, na karakana ilikuwa na joto na kimya. Gregory alimwonyesha bati aliloliacha jana likiwa bichi. Paskalia alipitisha kidole ukingoni, kisha akaliinamia, akaitazama mikwaruzo.

"Hii imepigwa kwa mkono wa kushoto," alisema kwa sauti ndogo.

"Na wewe?"

"Mimi natumia wa kulia. Wa kushoto alikuwa mume wangu."

Gregory alitafuta kazi ya kufanya, akauchukua mkasi wa upepo uliokuwa mezani. Makali yake yalikuwa butu, yalitakiwa kubadilishwa, na kwa kuwa kompresa ilikuwa kimya aliuona mkasi umekufa. Hakuifunga vali ya upepo. Hakubonyeza kifyatulio kutoa upepo uliobaki kwenye mpira. Akavua glavu, akaingiza vidole viwili vya mkono wa kushoto kati ya makali kutafuta skrubu.

Ndipo tupa ikalia.

Mlio ulitoka kwenye bati kubwa lililobanwa mwisho wa meza, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Sauti ndefu ya kwenda, kimya kifupi, sauti ndefu tena. Haikuwa na haraka. Ilikuwa sauti ya mtu anayejua kazi. Unga wa chuma ulianza kudondoka chini ya ukingo, kidogo kidogo, ukimetameta kwenye mwanga wa dirisha.

Gregory aliruka nyuma, mkasi ukamponyoka. Ulipiga ukingo wa meza, kifyatulio kikabonyea, na makali yakafunga kwa nguvu, *ta!*, pale pale vidole vyake vilipokuwa. Yakafunga tena. Kisha upepo wa mwisho ukatoka kwenye mpira kwa mlio mwembamba, na mkasi ukatulia sakafuni.

Tupa haikusimama.

Paskalia alikuwa analia bila sauti. Alikwenda mpaka mwisho wa meza, akasimama kando ya bati, jinsi mke anavyosimama kando ya mume asiyesikia wito wa chakula.

"Baba Limi," alisema. "Ameona. Vidole vyake vizima. Na mtoto amepona, surua imeisha, anakula." Alimeza mate. "Acha sasa. Umechoka."

Sauti ilikwenda mara moja zaidi, fupi, kama ya kumalizia kona. Halafu kukawa kimya, wakasikia kunguru wakitembea juu ya paa.

Mwezi ule ule Paskalia alifunga mizigo, akapanda lori la pamba na binti yake kurudi Kolandoto. Gregory alimsaidia kupakia vyungu. Hawakulitaja jambo lile, ila Paskalia alipokuwa amekwisha kukaa juu ya magunia aliuinamia mkono wa Gregory wa kushoto, akautazama kidole kwa kidole, kisha akauachia.

Jioni hiyo Gregory alifunga vali, akautoa upepo kwenye mpira, akabadilisha makali. Alipiga tupa kingo zote, isipokuwa za bati moja. Hilo aliliacha makusudi.

Asubuhi alimtangulia hata Cornel mlangoni. Cornel alipofungua, bati lilikuwa pale pale ukutani. Alivua glavu, akaugusa ukingo kwa tahadhari, ukamkwaruza ngozi. Sakafu ilikuwa safi, na tupa ilining'inia kwenye msumari wake. Usiku kucha alikuwa akiomba aikute hivyo, na sasa alipoiona alijikuta ameketi kwenye benchi, uso mikononi, akimlilia mtu ambaye hakuwahi kumwona.

"Fundi, vipi?" Cornel aliuliza kutoka mlangoni.

"Hakuna kitu, mzee. Washa kompresa."

Akavaa glavu, akaitungua tupa, akaanza na bati lile.