Mkutano Uliopanda Ngazi

Muuguzi alimchoma mama sindano mkononi, akafungua mrija, na damu ikaanza safari yake: kutoka kwa mama hadi kwenye mashine, ikasafishwa, ikarudi. Ndivyo mama alivyoishi tangu figo zake zigome. Binti yake, Msusi, alimfunika miguu kwa shuka.

"Leo wakubwa wako ukumbini," muuguzi alisema. "Wanapanga upya hospitali za mkoa. Nasikia mashine hizi zote zinahamia hospitali kuu."

"Hospitali kuu?" Msusi aliuliza. "Mbali vile, si mtu anafika kule amekwisha kabisa?"

"Ndiyo hivyo. Wamesema wagonjwa waende wakatoe maoni."

"Niende na mashine begani?" mama aliuliza, na vitanda vya jirani vikacheka.

Msusi hakucheka. Aliwatazama wote wale, kila mmoja amefungwa kwa mrija wake, na mkutano unaowahusu unaendelea huko chini. Akashuka ngazi.

"Mwaliko?" mlinzi wa mlangoni alimzuia.

"Mimi mwananchi."

"Wananchi wamejaa."

"Ongeza mmoja, kaka. Unaniona nilivyo mwembamba."

Mlinzi alitabasamu, akampisha.

Ndani, mwenyekiti wa kamati alikuwa akionyesha picha ukutani: jengo jipya la ghorofa, madaktari bingwa wote chini ya paa moja. Picha zilipendeza. Hata Msusi alikubali moyoni kwamba hao mabingwa ni wachache, hawawezi kuwa kila mahali. Lakini akanyoosha mkono, akauacha juu mpaka bega likauma.

"Haya, dada wa nyuma. Kwa kifupi."

Alipopewa kipaza sauti alisimama. Amezoea kuongea na watu waliompa kisogo, wametulia kati ya magoti yake akiwasuka. Hawa walikuwa wamemgeukia.

"Mheshimiwa, wenye mashine zao wako huko juu. Hawawezi kushuka. Naomba mkutano uwafuate."

"Ratiba hairuhusu, dada. Wasemee wewe."

"Mama yangu ana mdomo wake, mheshimiwa. Nimsemee vipi naye yupo?"

"Tumekusikia. Tuendelee."

Msusi hakukaa. Aliweka kipaza sauti juu ya kiti.

"Basi mimi napanda. Anayetaka kuwasikia, twende."

Akatoka masikio yakimwaka kwa aibu. Kwenye ngazi alisikia hatua zake mwenyewe tu, akajiona mjinga. Kisha zikasikika nyingine. Alikuwa muuza mboga aliyekaa safu ya mbele, ameshikilia gauni asijikwae. Nyuma yake mwalimu mstaafu na fimbo yake, akipumzika kila baada ya ngazi chache lakini akikataa kushikwa mkono. Halafu mlinzi, ameacha mlango wake wazi. Halafu ukumbi wote.

Muuguzi aliwapanga kwenye korido, akawataka wanyamaze. Mwenyekiti alifika mwisho, anahema, tai imekaa upande. Yeye na Msusi tu wakaingia wodini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe unayetuhamisha?"

Mwenyekiti alitazama mrija mwekundu, akaangalia pembeni.

"Niseme ukweli, mama. Mengi yameshaamuliwa."

Kwenye kitanda cha pili, mzee mmoja alifumba macho.

"Nilijua," mama alisema. "Nilitaka tu uniambie usoni. Sasa na mimi nikuambie. Kule kuu nitakwenda mara moja, labda mbili. Ya tatu nitachoka, nitabaki nyumbani. Unaelewa nikibaki nyumbani maana yake nini?"

"Naelewa, mama."

"Na huyu je, na yule? Waulize, mmoja mmoja."

Mwenyekiti aliangalia saa yake. "Mama, gari linanisubiri. Hii inachukua muda gani?"

"Mpaka jioni," mama alijibu. "Kaa. Sisi wenyewe hatuwezi kuondoka."

Msusi akamsogezea kiti. Mwenyekiti alisimama kidogo akikitazama, kisha akakaa.