Vumbi Halitembei Peke Yake

Vumbi liliinuka mwisho wa kiwanja, jembamba, jekundu, likasimama kama mgeni asiyetaka kupiga hodi. Mama Pacha akaacha kukanyaga cherehani. Hakuliamini. Jua lilikuwa linawaka, kuku wanaparua, na lile wingu jeusi lilikuwa bado mbali juu ya vilima, linanguruma kwa adabu. Lakini vumbi halitembei peke yake. Kuna kitu kilikuwa kinalisukuma.

Mwanamke huyu hakuwahi kuliamini anga, tangu mumewe, fundi wa pampu za maji, aliponunua kindege cha viti viwili ili afike mashamba yasiyo na barabara. Alikiita mke mwenza. Mke mwenza gani, jamani, anaoshwa kwa sabuni na mwanamume ambaye hajawahi kuosha sufuria! Na wivu ule ulikuwa na ulimi. Kila asubuhi mume akitaka kuruka, yeye anaona wingu. Kiwingu cha pamba, kwake radi. Ukungu wa mtoni, kwake tufani. "Leo kubaya, Baba Pacha," husema, hata mbingu ikiwa nyeupe pe. Mume hucheka. "Kwako kila wingu lina meno." Anaruka, anarudi salama, anakula, analala.

Hivyo ndivyo neno lake lilivyochakaa.

Sasa mume alikuwa njiani kurudi, sauti ya injini ikija nyembamba kutoka mashariki. Mama Pacha akaitazama ile mifuko miwili ya upepo, ya kitambaa chekundu, aliyoishona mwenyewe na kuitundika mmoja kila mwisho wa kiwanja cha kutulia ndege, imwonyeshe rubani upepo unakoelekea. Siku zote mikia yake huelekea upande mmoja. Leo ilikuwa inaelekeana, wagomvi wawili kabla ya ngumi. Upepo wa joto ulikuwa unaingia kwenye wingu, upepo wa baridi ulikuwa unatoka. Na mumewe alikuwa anakuja kutua katikati yao, ndani ya kitu chepesi ambacho watu wawili hukisukuma kwa mikono.

Moyo ukamlipuka paa. Akairukia simu ya upepo.

"Baba Pacha, usitue! Nakuomba. Mifuko inagombana."

"Aah, mama." Sauti ilikwaruza, na ndani yake mlikuwa na kicheko. "Kiwanja chote nakiona. Jua linawaka, wingu liko huko vilimani."

"Wingu liko vilimani, mkono wake uko hapa!"

"Umeshaanza. Injika chai, nashuka."

Injika chai! Alitaka kucheka, akataka kulia. Hakuweza hata kumlaumu. Leo tu, siku ya kweli, alikuwa na neno lile lile la siku za uongo, na hakuwa na jingine.

Basi akaacha maneno. Akachukua funguo, simu mkononi, akawasha pikapu, akaiendesha mpaka katikati ya kiwanja, akaisimamisha kwa ubavu na kuvuta breki ya mkono. Wewe mume, tua sasa tukuone.

"Toa gari! Wazimu umekupanda?"

Akaizima simu, maana alijua akiendelea kuisikiliza sauti ile atatii. Ndege ikaja chini, chini kabisa, akaona hadi tope kwenye magurudumu. Ikaunguruma juu ya kichwa chake, ikapanda kwa hasira, ikageukia mashariki kulikokuwa bado kweupe. Ikapotea.

Ndipo upepo ulipofika. Mchana ukawa kahawia. Mfuko mmoja ukang'oka na mlingoti wake. Radi ikapiga nyuma ya banda, mvua ya mawe ikakivunja kioo cha mbele, na pikapu, pamoja na breki yake, ikaanza kuburutwa kwa ubavu, na mwenyewe ndani, mpaka ikaangukia mtaroni kwa pua. Kisha mawe yakakatika ghafla, na mvua yenyewe ikaenda kunyesha kwingine.

Jua likarudi, likitabasamu. Hakuliamini. Ukimya ukaja, nao hakuuamini. Alijitoa garini, akaenda kukaa kizingitini na nundu kwenye paji la uso, akajishuku mwenyewe. Mafuta yalimtosha? Aliuona ule uwanja wa ndege wa zamani ng'ambo ya mto, au alirudi kwa ukaidi kujaribu upande wa pili? Nimemzuia, au nimemfukuza? Akaiwasha simu ya upepo, ikakoroma tu. Nimemzuia, au nimemfukuza?

Jioni, vumbi likaonekana barabarani. Vumbi halitembei peke yake, na safari hii lilikuja na lori la mchanga, na juu ya mchanga mume, mwekundu hadi kope.

Alishuka. Akatazama katikati ya kiwanja, akatazama mtaroni, akarudia. Hakucheka.

"Pikapu hii ni nzito mara tatu ya ndege yangu," alisema polepole. Kisha akaiona nundu. "Na wewe ulikuwa ndani?"

"Ningekuwa wapi?"

Akamgusa paji la uso kwa kidole kimoja. "Ndege nimeiacha ng'ambo ya mto. Unaonaje mama, nikaifuate kesho?"

Hajawahi kumuuliza. Miaka yote hii, hata siku moja! Na uongo ukaja mtamu ncha ya ulimi: kubaya. Leo angeaminiwa. Angeaminiwa kesho na keshokutwa, mpaka mke mwenza aoze huko ng'ambo, na yeye alale usingizi wake wote.

Akampangusa bega. Vumbi likainuka kutoka kwenye shati, wote wawili wakalitazama, hakuna aliyepumua. Halikwenda kushoto, halikwenda kulia. Likashuka taratibu, likatua katikati ya miguu yao.

"Kesho kweupe, Baba Pacha," alisema, na machozi yakamtoka. "Nenda kailete."