Fomu za Pasi

Mimi ni mtu wa kushuku. Nikisifiwa, najiuliza huyu anataka nini. Kwa mkaguzi wa fomu za takwimu hilo si kosa, ndiyo kazi yenyewe.

Kwa hiyo fomu za Pasi zikaniwasha. Pasi ndilo jina tulilompa karani wetu mmoja ofisini, kwa jinsi alivyonyoosha mashati yake. Kila miezi mitatu makarani walizunguka nyumba kwa nyumba kuuliza nani ana kazi na nani hana. Jijini kote wasio na kazi walikuwa wakiongezeka. Katika mtaa aliopangiwa Pasi, ambako kiwanda cha nguo kilikuwa kimefungwa, eti walikuwa wakipungua: thelathini na mmoja, kumi na tisa, sita. Nikasema hapana, huyu anakaa mahali anakunywa chai na kujijazia.

Jumanne saa nne asubuhi nikaenda mwenyewe. Nyumba ya kwanza nilimkuta mwanamume peke yake, anafua. Fomu ilisema ni fundi umeme, ana kazi.

"Kazi ipi, dada yangu?" akacheka. "Tangu kiwanda kifungwe kazi yangu ndiyo hii unayoiona."

"Kwani karani wetu hakukuuliza?"

Akakung'uta shati, akalianika taratibu. "Sikumbuki."

Nyumba tatu, majibu yale yale. Nikarudi ofisini kichwa juu.

Pasi hakupandisha sauti. "Dada, mimi niliandika walichosema. Naenda Jumapili, familia nzima ikiwepo. Wewe uliwauliza mbele ya nani?"

"Usinizungushe. Njia ya mwongo ni fupi."

Niliandika ripoti siku hiyo hiyo. Mwisho wa mwezi Pasi akaachishwa kazi, akarudisha kitambulisho.

Duru iliyofuata hakukuwa na wa kushika nafasi yake, nikapewa mimi huo mtaa. Nikaenda Jumapili. Nyumba ya tisa, ambayo sikujua ni ya nani, mlango ukafunguliwa na Pasi.

Shati lilinyooka vile vile. Kwenye kochi walikaa mkewe, watoto wawili na mama mtu mzima mwenye miwani.

"Mama, huyu ndiye bosi wangu," Pasi akamwambia upesi. "Bosi, huyu ni mama mkwe."

 Hapo ndipo nilipomwelewa yule fundi aliyekuwa anafua. Nani atakiri mbele ya mkwewe kwamba anashinda nyumbani? Niliona aibu, nikatamani ardhi inimeze.

Mama mkwe akanitazama juu ya miwani. "Bosi, na Jumapili? Kuna nini?"

Macho yale niliyajua. Ni kama yangu.

"Nimekuja kwa kazi tu, mama. Huyu ndiye karani ninayemtegemea. Fomu zake ni safi kuliko zote."

Mama akashusha pumzi, akanisogezea kiti. Pasi aliangalia chini.

Nikafungua fomu. Katika siku saba zilizopita, amefanya kazi yoyote? Nikaweka alama kwenye ndiyo. Kazi gani? Karani wa takwimu. Mahali pa mkaguzi nikatia sahihi yangu.

Jioni nikajumlisha mtaa mzima. Wasio na kazi walikuwa wanne.