Kofia ya Mfalme wa Mapango

Mtu akiniuliza kama bado nasoma vile vitabu vya watoto, mimi huinuka nikaenda kupanga nyuzi zangu. Nafuma masweta ya shule hapa Kitale, nimezika mama, nimemlea mwanangu Kibe hadi akanipita kimo, na sijaomba mtu anichagulie cha kusoma. Taji la Ukungu ni hadithi ya msichana, Zinduna, anayewaongoza watu wake wenye njaa hadi kwenye mlima uliofunikwa na ukungu. Anaukuta mtupu, anaufanya nyumbani. Ndani ya mapango ya mlima huo kuna viumbe wanaoitwa Wamapango, wanaolamba chumvi ya mawe na kuiba watoto, na katika kitabu cha tatu Zinduna anawafukiza kwa moto mpaka wanaisha. Nilisoma kitabu cha kwanza mwaka ule mama alipofariki. Ndicho kilichonitoa kitandani, na hayo yanatosha.

Tulikuwa watano na tulikutana kwa ugomvi. Kulikuwa na maonyesho ya vitabu pale Kanduyi, nakala ya kitabu cha pili imebaki moja, na sisi tumeishika kila mtu na kona yake. Mimi sikuachilia. Nanyama, muuguzi wa huko huko Bungoma, hakuachilia, wala mpwa wake Edinah aliyekuwa bado na yunifomu ya shule. Wanjala, karani wa kaunti mwenye suti na kitambi, alisema yeye ndiye mkubwa kwa umri, tukamwambia basi aonyeshe mfano mwema aachilie. Mwishowe mwalimu mmoja mrefu kutoka Kimilili, Ndiema, akaanza kucheka.

"Si tufanye kama chama cha kuchangiana, bana," akasema. "Kizunguke."

Kikazunguka. Tangu siku hiyo kila kitabu kipya tulinunua nakala moja tu, kwa makusudi. Kinaanza kwa Edinah, kinaenda kwa Nanyama, kwa Wanjala, kinapakiwa kwenye gari la Kitale kama kuku wa zawadi, kinanifikia mimi, kisha namtumia Ndiema. Yeye alijichagulia kuwa wa mwisho kwa sababu kikifika kwake kinaingia kwenye kabati la darasa lake, na hapo watoto wanakisoma mpaka jalada linang'oka. Kila mtu ana wiki yake. Na sheria ni moja: hakuna kusema neno mpaka wa mwisho asome. Si kwa simu, si kwenye kundi letu la WhatsApp, si hata kwa kukonyeza. Sheria hiyo niliileta mimi, baada ya Wanjala kunipasulia nani anakufa katika kitabu cha pili kabla sijakifungua. Nilimnunia huyo mzee mpaka akaja Kitale na mkate kuomba msamaha.

Ndiema akimaliza hutuma picha ya ukurasa wa mwisho, na Jumamosi inayofuata tunakutana Kimilili, chumba cha nyuma cha hoteli ya Fridah. Tunaongea mpaka sauti zinakauka. Kisha tunaigiza moto wa mapango. Edinah ni Zinduna. Ndiema, kwa ile sauti yake inayotoka tumboni, ni mfalme wa Wamapango. Nilimfumia kofia mimi mwenyewe, ya sufu ya kahawia, nywele zinaning'inia hadi mabegani na meno meupe ya uzi yamejipanga kwenye paji. Anaivaa, ananguruma, anatuomba tusiwashe moto kwa sababu watoto wake wako ndani. Sisi tunamfukiza na mvuke wa birika la chai, anaanguka katikati ya viti akirusha miguu. Nanyama siku moja alicheka mpaka ikabidi atoke nje akapate hewa.

Mwaka jana Edinah, ambaye sasa yuko chuo anasomea ualimu, alikuwa anatafuta kwenye mtandao kitabu cha sita kitatoka lini. Akaandika kwenye kundi kwamba amepata makala ndefu kuhusu Taji la Ukungu, ya daktari wa chuo kikuu, na bado hajaisoma. Furaha gani hiyo jameni. Miaka yote watu wanatucheka, kumbe tunasomwa chuo kikuu. Wanjala akasema hiyo ni heshima na lazima ipewe heshima ya kitabu. Nanyama akasema ichapishwe, ibandikwe jalada, izunguke. Mimi ndiye niliyeandika, "Na sheria ni ile ile." Ndiema akaweka kidole gumba.

Ikazunguka. Edinah akanyamaza, Nanyama akanyamaza, Wanjala akanyamaza. Niliona tu ni watu wanaoshika sheria.

Ilipofika kwangu niliisoma nimesimama kando ya mashine. Laiti huyo daktari angekuwa mtu wa matusi, ningemtupa na matusi yake. Lakini aliandika pole pole, kwa adabu, kama mtu anayekuondolea mwiba. Alisema mlima huo ni mlima wetu huu, Elgon, umebadilishwa jina tu. Pango la chumvi, ng'ombe wanaolala ndani pamoja na watu, mizinga ya asali, hata jinsi akina mama wanavyobeba maji, vyote vimechukuliwa kwa watu walioishi huko, watu wenye wajukuu walio hai leo. Mwandishi amechukua maisha yao, akawawekea meno, akawachoma, na msomaji akapiga makofi. Tena akasema huo mlima mtupu ni hadithi ya kila anayefika mahali akiwa amechelewa.

Baba yangu, mzee Gachanja, husema kila Krismasi tukiwa mezani: "Tulipofika hapa palikuwa pori tupu." Maneno hayo hayo. Niliyatupa makaratasi sakafuni. Nilimtukana huyo daktari kwa Kikikuyu, nikarudia kwa Kiswahili, nikasema ni wivu, hajawahi kuandika kitu kikapendwa na mtu. Halafu nikayaokota, kwa sababu wiki yangu ilikuwa haijaisha.

Niliyamaliza, nikainua macho, nikaiona ile kofia. Ilikuwa kwenye msumari nyuma ya mlango, meno nje. Ndiema kwao ni juu huko mlimani, kupita Kapsokwony. Hilo si jambo tulilokuwa hatujui. Katika nchi hii nani hajui mwenzake anatoka wapi. Tulijua, na tukamchagua yeye kwa sababu ya sauti.

Nilichukua simu. Ilikuwa ni kusema tu, Mwalimu, hiyo makala usiisome, ama ngoja nije uisome nikiwa hapo. Nilifika hadi kwenye jina lake nikaliangalia mpaka kioo kikazima. Nikajiambia Nanyama amesoma, Wanjala amesoma, na wao hawakusema. Nikajiambia sheria ni sheria, na mwenyewe nikiivunja nitamwambia nini Wanjala? Mtu mzima mimi, nikajificha nyuma ya sheria ya kitabu cha hadithi. Asubuhi nikaipeleka bahasha stendi.

Baada ya wiki Ndiema alituma picha ya ukurasa wa mwisho, bila neno. Jumamosi hiyo nikapanga mkoba wangu. Kofia niliitoa, nikairudisha, nikaitoa. Nisipokwenda nayo ataniuliza kwa nini, na nitamjibu nini? Nikienda nayo pengine mambo yatakuwa kama kawaida. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na akili zangu zote ninazo. Nikaiweka chini, chini ya shali.

Kwa Fridah wote walikuwa wamefika. Chapati zilikuwa mezani, hakuna aliyezigusa. Wanjala alikuwa anasoma bei za vinywaji ukutani kama anayezisahihisha, na Edinah macho yake yalikuwa mekundu. Ndiema alisimama akatusalimia kwa mkono mmoja mmoja, akamuuliza Nanyama kuhusu kazi, akaniuliza baba anaendeleaje na mguu. Tukaketi.

"Hiyo kitu ni kali," Wanjala akaanza. "Lakini hawa wasomi nao hupenda kukuza mambo. Ni hadithi tu, Mwalimu. Ya watoto."

Ndiema alinigeukia mimi. "Mama Kibe, umekuja na kofia?"

Nilitamani kusema nimesahau. "Nimekuja nayo," nikasema.

Akanyoosha mkono. Nikaichimbua kutoka chini ya shali, nikampa. Aliiweka magotini, akaanza kunyoosha zile nywele za uzi, moja moja, kama mtu anayemtengeneza mtoto kwenda kanisani.

"Mimi nilijua tangu kitabu cha kwanza," akasema. "Ukurasa ule wa ng'ombe wanaingia pangoni jioni. Nyanya yangu amezaliwa kwa pango, na hao ng'ombe. Nilijua ni sisi."

"Na ukanyamaza?" Nanyama akauliza.

"Nilipenda hadithi. Zinduna nilimpenda kama nyinyi tu. Nikasema wacha nikae na hayo mengine peke yangu." Alikuwa anaongea na kofia, si na sisi. "Mkinichoma hapa, mkicheka, nilikuwa najiambia hawa watu wananipenda, ni vile hawajui. Mtu asiyejua unaweza kukaa na yeye miaka mingi. Hata unamfurahia."

Edinah alianza kulia. "Mwalimu, nilitaka kukupigia."

"Lakini hukupiga. Shangazi yako hakupiga. Mzee hapa hakupiga. Wiki baada ya wiki najua inakuja, nakisia itasema nini, nasema leo mmoja atapiga, atasema tu, Ndiema, pole." Akaniangalia sasa. "Mama Kibe ndiye wa mwisho kabla yangu. Nikasema huyo ana mdomo, hataweza kunyamaza."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Mmejua," akasema, "na kofia bado imekuja."

Akaikunja vizuri, akaiweka mbele yangu kando ya chapati. Akamaliza chai yake, kwa sababu Ndiema si mtu wa kuacha chai ya mwenyeji mezani. Akamshukuru Fridah mlangoni. Jioni hiyo simu zetu zote zilituambia ameondoka kwenye kundi.

Nilidhani atakasirika kisha ipite. Mimi mwenyewe hukasirika kila siku na hupita. Kumbe hakukasirika. Kitabu cha sita kilipotoka mwaka huu, kilianza kwa Edinah kama kawaida, kwa sababu hakuna aliyethubutu kupendekeza vingine. Kilinifikia, nikakisoma, na kwa mara ya kwanza sikukituma kwa gari. Nilikipeleka mwenyewe hadi getini kwa shule ya Ndiema.

Alikuja mbio kidogo, ana chaki mikononi. Akafurahi kuniona, hilo ndilo linaloniua, alifurahi kama mtu anavyomfurahia jirani wa zamani. Akauliza Kibe yuko kidato gani. Nilimwambia pole. Nilisema yote niliyopaswa kusema kwenye simu, na mengine juu yake, na machozi yalinitoka hapo mbele ya askari wa geti.

"Nimesikia, Mama Kibe," akasema. "Asante umefika."

Nikamnyooshea kitabu. Akakiangalia jalada, Zinduna amesimama juu ya mlima na taji lake. Nikaona alivyotaka kukishika, mkono ulisogea.

"Hapana," akasema. "Wape wengine."

"Hakuna wengine, Mwalimu. Baada yangu ni wewe."

Kengele ya darasa ikalia, akaniaga kwa heshima zote, akarudi kwa watoto wake.

Kwa hivyo kiko hapa, juu ya mashine, kimefungwa na gazeti lisishike vumbi la sufu. Jumamosi hazina mahali pa kwenda. Nanyama hupiga simu, tunaulizana habari za mvua, tunakata. Wanjala alinipigia juzi akitaka tuongee kidogo tu kuhusu mwisho wa hadithi, nikamfokea mpaka akaomba radhi. Usiniulize na wewe Zinduna alipona au alikufa, wala kama mwandishi amewakumbuka wale watu wa mapangoni. Siwezi kukwambia, Ndiema hajasoma.