Nane Mbili Mezani kwa Molly

Mimi Godeberthe sikasiriki bure, lakini siku mume wangu Parfait aliporudi kijijini kwetu Misiera kwa miguu, mikono mitupu, nilimpigia kelele mpaka majirani wakazima redio wasikie vizuri. Nilikuwa nimemtuma mjini Mbarara kwa fundi, cherehani yangu juu ya baiskeli. Kumbe baiskeli na cherehani vyote vimeliwa kwenye karata!

"Nilipata asi mbili, Mama Bénédicte," akasema. "Wewe ungefanya nini?"

Aka! Kwetu Misiera, baada ya ibada, tunacheza ishirini na moja kwa maharage. Asi ni kumi na moja, karata ya picha ni kumi. Ukipata mbili zinazofanana unazipasua, unacheza mikono miwili ya karata kwa dau lile lile. Asi uliyoipasua ikiangukiwa na picha, unalipwa bonasi, mara mbili. Basi mume wangu akafikiri dunia nzima inacheza kama sisi. Kule Nyamityobora, mtaa wa Mbarara, alipotoka kwa fundi alipita kwa Molly, muuza chai, mke wa askari, akaweka baiskeli. Asi mbili zikaja, akapasua. Molly akamwambia kila mkono na dau lake, naye akaweka cherehani! Picha zikashuka, mheshimiwa akaruka kudai bonasi. Molly akacheka: hapa ukishapasua bonasi hakuna, hiyo ni ishirini na moja ya kawaida. Akafunua zake: asi na kumi, mbili za kwanza, bila kupasua. Hizo zinashinda. Basi, vyote vikaenda.

Cherehani ile ndiyo inayolisha watoto wetu. Nililia, sitaficha. Halafu nikakunja kitenge changu cha harusi, nikamwambia Parfait, "Twende."

Molly alikipapasa kitenge. "Hii ya Kongo kabisa. Sawa, mama. Hii kwa cherehani. Mara moja tu."

"Ngoja kwanza. Nieleze sheria zenu zote."

Kuuliza si ujinga. Akanieleza moja moja, pamoja na ile inayomfunga yeye mwenyewe: akiwa chini ya kumi na saba, lazima aongeze karata.

Akagawa. Mimi nane mbili. Yeye akaonyesha sita, nyingine akaificha.

"Usipasue!" Parfait akanishika mkono. "Nakuomba, ndiyo iliyonimaliza!"

"Nyamaza, Baba Bénédicte. Kumi na sita ni mzigo mbaya: ukiongeza unazidi, ukikaa unapigwa. Na huyu ana sita, yeye ndiye mwenye shida: sheria yake itamlazimisha kuongeza mpaka azidi. Kosa lako halikuwa kupasua. Hukuuliza." Nikazitenga zile nane.

Molly akagonga meza. "Dau ya pili iko wapi?"

Sikuwa na kitu kingine. Ndipo Parfait akainama, akafungua kamba za viatu vyake vya kanisani, akaviweka mezani vyote viwili.

"Hivi kwa baiskeli," akasema.

Askari mmoja aliyekuwa anakunywa chai akacheka. Mimi sikucheka. Nilimpenda mume wangu pale, na hasira zangu zote.

Molly akavitazama viatu, akavikubali. Nane ya kwanza ikapata kumi: kumi na nane, nikasema inatosha. Ya pili ikapata tatu, halafu mfalme. Ishirini na moja! Parfait akafungua mdomo. Nikamtazama. Akaufunga.

"Najua," akanong'ona. "Bonasi hakuna."

Molly akafunua karata yake iliyofichwa: kumi. Sasa ana kumi na sita, na sheria ni sheria. Akavuta moja. Tisa. Amezidi!

Ee Mungu wangu, nilipiga kelele kuliko siku ile Parfait aliporudi. Molly alitikisa kichwa, akaingia ndani, nami nikaogopa ameghairi. Akatoka anasukuma baiskeli, cherehani juu yake, na kitambaa cha rangi ya zambarau begani, msichana akimfuata nyuma.

"Binti yangu Shanitah anasimamia arusi mwezi ujao," akasema. "Kama unashona vile unauliza, gauni itakuwa sawa. Nitalipa vizuri."

Parfait alikuwa ameinama anavaa viatu. "Kumbe bonasi iko!"

"Hiyo ni kazi," nikamwambia. "Nipe futi ya kupimia, iko kwenye droo ya cherehani."

Na pale pale nikaanza kumpima Shanitah mabega.