Mota Iliyokojoa Maziwa

Mwaka 1953, Jumanne moja asubuhi, Nzabonimpa alifungua mguu wa mota ya mashua pale Bweremana, ufukweni mwa ziwa, akaulaza juu ya gunia la kahawa, akaanza kutafuta meno mawili ya mpira. Ndani ya pampu ya maji, iliyo juu ya mguu huo, mna kigurudumu cha mpira chenye meno sita. Kikizunguka huvuta maji ya ziwa na kuyapandisha juu ili mota isiungue. Hicho cha zamani kilikuwa kimebaki na manne. Fundi mvivu hutia kipya akafunga, na jino lililokatika likabaki kuziba njia ya maji. Nzabonimpa hakuwa mvivu. Jino moja alilikuta kwenye kifuniko, la pili akalichokoa kwa waya ndani ya mrija.

Alikuwa na haraka zake. Bwana Michel, mwenye mashua na mwenye shamba la kahawa, alikuwa ameahidi kwamba mota ikipona atamtilia sahihi karatasi ya njia aende kwao Karuba. Kwa miguu ni safari ya siku moja, lakini asiye na karatasi hurudishwa na askari wa Sake, na harudishwi kwa maneno matupu. Huko Karuba alikuwa na mke, Verdiane, ng'ombe mmoja wa kukamua, Gaju, na binti wa miezi minane. Watu wa ufukweni walimwita Papa Daphrose, kwa heshima, kwa jina la binti huyo. Naye aliitika, ingawa huyo Daphrose hakuwahi kumtia machoni.

Sasa, kigurudumu kipya hakiingizwi kikavu, kitachanika. Na grisi ilikuwa imekwisha. Nzabonimpa akakumbuka kibuyu cha siagi ya Gaju ambacho Verdiane alimpelekea ajipake. Kwao siagi ya ng'ombe haipewi chuma. Haraka haraka haina baraka, alilijua hilo, lakini mtu anayetaka kumwona mwanawe ana masikio ya nini? Akapaka. Akakizungusha kigurudumu huku akikisukuma, meno yote yakalala upande mmoja, akafunga kifuniko, akaurudisha mguu mahali pake na kukaza parafujo.

Kisha akateremsha mota majini, akavuta kamba. Mota nzima hukojoa, ndivyo mafundi wasemavyo: nyuma kuna kitundu, na maji yakiruka hapo fundi anajua pampu inafanya kazi. Hii ilikojoa maziwa. Yalikuwa ya uvuguvugu, yana povu, yananukia moshi wa majani ambao Verdiane hufukizia vyombo vyake. Ilipofika saa mbili yakakoma, yakaja maji ya ziwa.

Lakini kabla hayajakoma Bwana Michel alikuwa amekuja, akachovya kidole, akaonja.

"Hii iko na mafuta ya kutosha," alisema, akamtuma mpishi alete ndoo.

Nzabonimpa akaomba karatasi yake.

"Karatasi gani? Wewe ukienda, nani atakamula?"

Siku tatu baadaye alipita Makuza, jirani wa Karuba, mwenye kibali cha kushuka hadi ziwani kuuza maziwa ya Gaju. Safari hii alibeba viazi.

"Kwetu mambo haiko mazuri, Papa Daphrose," alisema. "Ile Gaju yenu inakula muzuri, haina ugonjwa, lakini kiwele kimekauka tangu Jumanne. Mutoto iko anakunywa uji ya mutama. Anakonda."

"Jumanne saa ngapi?"

"Asubuhi, wakati ya kukamua."

Makuza alipoondoka, Nzabonimpa aliifungua pampu, akaiosha kwa sabuni, akaiosha kwa petroli, akaifuta siagi hata ile ya kwenye kucha zake. Kesho yake yakatoka maziwa yale yale. Jumapili alijidai mgonjwa ili mota isiwashwe. Bwana Michel akaiwasha mwenyewe, ikatoa maji tu. Akamwita kutoka kitandani, akamsimamisha kwenye mashua, na maziwa yakatoka.

Tangu hapo mota ilinguruma kila asubuhi na kila jioni, mashua ikiwa imefungwa kwenye gati, bila safari yoyote. Mpishi aliyachemsha maziwa kwa ajili ya kahawa ya bwana. Nzabonimpa akamsihi asiyachemshe, kwa kuwa maziwa yakichemshwa ng'ombe hupasuka kiwele. Mpishi akamjibu kwamba yeye haoni ng'ombe hapa.

Mwishowe akamwendea Bwana Michel, akavua kofia, akaomba apewe chupa moja kila Makuza anapopanda mlimani kurudi Karuba, kwa sababu mtoto wake hana maziwa. Hakusema ni maziwa ya nani. Bwana Michel hakuwa mtu mbaya. Alitoa chupa mbili, akazifunga kizibo kwa mkono wake, akaagiza isemwe zimetoka kwake.

Baada ya mwezi Makuza alirudi na salamu. Daphrose amenenepa, anasimama akishika ukuta. Verdiane anasema ng'ombe wa yule mzungu wanakula majani mazuri, maziwa yao ni matamu kama ya Gaju.

"Anatuma aksanti mingi kwa Bwana Michel," Makuza alisema. "Na Siku ya Mungu kwa kanisa, padri alimutaja kwa jina. Sisi wote tulimuombea."

Nzabonimpa aliinama, akashika kamba ya mota.

"Na miye? Walinitaja?"

Makuza alifikiri kwa makini, maana hakupenda kusema uongo.

"Hapana, Papa Daphrose. Labda ni sababu hakuna muntu alisema uko na shida."

Nzabonimpa akasema ni sawa. Saa ya kukamua ilikuwa imefika, na mpishi alikuwa anashuka na ndoo, kwa hiyo akavuta kamba.