Kadiri Siku Tisa

Jumanne ya pili ya Oktoba 1996, saa tatu na nusu asubuhi, Rukiya alikaa kwenye kiti cha plastiki, ghorofa ya kumi na moja ya jengo refu jirani na stesheni ya Gare du Nord, Brussels, akaulizwa kwa nini amekuja Ubelgiji. Aliyeuliza ni karani mmoja aitwaye Lucien. Kati yao alikaa mkalimani, Burhani wa Tanga, mwenye tai ya kahawia na Kiswahili kilichopigwa pasi. Rukiya alisema Kiswahili cha Bujumbura, Burhani akakigeuza Kiingereza, Lucien akakipiga chapa kwa Kifaransa. Kila neno lilivuka mito miwili kabla ya kufika kwenye karatasi, na hakuna aliyesimama ukingoni kuangalia kama limefika na nguo zake.

Lucien alikuwa mtu mpole. Ukutani nyuma yake alibandika picha ya Puerto Manso, mji mdogo wa pwani huko Amerika ya Kusini. Alikwenda kule mwaka 1989 na begi mgongoni, kwa wiki mbili, akakaa miezi kumi na moja. Viza yake iliisha mwezi wa tatu. Polisi wa kule alimsimamisha mara moja tu, akitaka kujua kama ni kweli Ubelgiji kuna baridi. Aliporudi Brussels kazi yake ilikuwa inamngoja, na wenzake wakamwambia jua limempendeza.

"Walikuja kwetu Buyenzi siku ya samedi asubui," Rukiya alisema. "Bwana yangu akabakia palepale ku mulango. Miye nikatia mufuko ku mugongo, nikatembea. Nikatembea na Kadiri siku tisa, mpaka ngambo. Pale ku muto nikamulalisha. Halafu nikakaa ku mucanga, pembeni ya maji, miezi mine."

Burhani alifasiri kwamba mama huyu alisafiri na begi mgongoni kwa kadiri ya siku tisa. Mume alibaki nyumbani. Njiani alilala karibu na mto. Akafika ng'ambo, akakaa ufukweni miezi minne.

Lucien akauliza ni ng'ambo ipi. Kwa Rukiya ng'ambo ni upande wa pili wa ziwa, Uvira, unaouona kutoka Bujumbura asubuhi isiyo na ukungu. Burhani alijua ng'ambo moja tu, ile ya kupanda ndege, akamjibu Lucien hiyo. Akaulizwa Rukiya kama ufukweni kulikuwa na watu.

"Wengi sana. Tulilala inje. Tulichoma samaki, tukangojea tu."

Macho ya Lucien yalilainika, maana kungojea kule alikujua. Akageuka, akagusa picha ukutani kwa kidole: palikuwa kama hapa? Rukiya akaangalia. Aliona mchanga, maji, na watu waliolala wasio na kazi ya kufanya. Akaitikia kwa kichwa. Lucien aliandika Puerto Manso bila kuuliza linaandikwaje. Wakati wa chakula ulikuwa umefika, hivyo maandishi hayakusomwa kwa sauti. Rukiya alitia sahihi.

Sasa lisemwe lililo kweli, kwa kuwa ofisini halikuandikwa. Mume hakubaki nyumbani, aliuawa mlangoni na waliokuja asubuhi ile. Kadiri hakuwa takriban. Kadiri alikuwa mtoto wa Rukiya, umri miaka minne, mwenye meno mawili ya mbele yaliyopishana. Mama hakusema "mtoto", alisema Kadiri, kama mama yeyote anavyomtaja mwanawe. Kwenye ule mfuko kulikuwa na sufuria na kanga mbili, na kuanzia siku ya tatu Kadiri mwenyewe alikaa juu yake, akiwaka homa. Mzigo wa mwenzio kanda la usufi, wala si ajabu kwamba karani aliuona mwepesi. Siku ya tisa, kwenye barabara ya ziwa kusini mwa Uvira, kabla ya kufika kijiji cha Mboko, mtoto alikufa. Rukiya alichimba kwa kifuniko cha sufuria. Huko ndiko kulalisha.

Tangu siku hiyo kila jioni, akimaliza swala ya magharibi, aliirudia njia kwa sauti ndogo ili isimpotee. Daraja la mbao, hatua arobaini kuelekea ziwani, mchikichi uliopigwa na radi, mawe matatu. Hakuwa na picha ya mtoto wala cheti. Alikuwa na maneno hayo, na nia ya kurudi siku moja na saruji na kibao chenye jina.

Barua ya ofisi ilifika Desemba katika nyumba ya dada yake mkubwa, Nadia, huko Jette, pembeni mwa Brussels, ambako Nadia alifanya kazi ya kuogesha wagonjwa hospitalini. Nadia aliisoma akiwa bado na koti. Ilisema mwombaji aliishi kwa amani Puerto Manso, mji wenye polisi, zahanati na hoteli, na kwamba kama alihitaji ulinzi angeuomba kule. Ilisema mwombaji alisafiri peke yake. Ilisema hana mtoto. Alipewa siku tano aondoke nchini.

"Mama Kadiri, ni wapi huku?" Nadia akauliza.

"Sijui, dada."

Kesho yake asubuhi mchanga ulitoka kwenye kandambili za Rukiya, mwembamba, mweupe, wa moto kidogo. Nadia alileta ufagio. Siku ya tatu pua ya Rukiya ilikuwa imebabuka, katikati ya majira ya baridi, na Nadia akampaka mafuta. Siku ya nne alikuwa na bangili za nyuzi mkononi, tatu, zilizofungwa na mtu mwenye subira. Kitanda cha wavu kilionekana sebuleni, kamba moja kwenye bomba la kupasha joto na nyingine kwenye komeo la dirisha. Kilikuwa njiani kidogo, ilibidi uiname ukienda jikoni. Wakazoea kuinama.

Nadia alipeleka rufaa siku ya tano, akapewa risiti yenye ruhusa ya kungoja. Rukiya alingoja hadi Machi. Mwanamke ambaye maisha yake yote aliamka alfajiri sasa aliamka saa tano, nywele zimejaa chumvi, akasema kwamba kifungua kinywa kitakuwa mañana, yaani kesho. Aliota anachoma samaki kwa ndimu na vijana wenye magitaa. Alijua bei ya chumba kwa wiki, na kwa mwezi. Mwili ulikuwa umeisoma karatasi na kuitii, kama askari mgeni.

Siku moja ndani ya Gare du Nord vijana wawili Wabelgiji, mabegi makubwa mgongoni, walimrukia na kumkumbatia.

"Rukiya! Puerto Manso!"

Walimkumbuka vizuri sana. Walikumbuka alivyocheka, alivyokataa bia, alivyoogelea na nguo zake. Mmoja wao alikuwa amekaa kule mwaka mzima bila viza, akasimulia hilo akicheka, na mtu mzee aliyesimama karibu kwenye foleni ya tikiti akacheka naye. Rukiya alisimama mikono yao ikiwa shingoni mwake. Barabara ya ziwa ilikuwa na maelfu ya watu siku zile, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumrukia kituoni. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakaziba. Aliwaambia wamwache. Wakasema ndiyo, hata kule alikuwa na siku zake mbaya.

Jioni hiyo alisali, akaanza: daraja la mbao, hatua arobaini. Baada ya hapo ulimjia mgahawa wa buluu. Akaanza upya. Daraja la mbao, mgahawa wa buluu, kushoto, bafu za kulipia. Akaomba kalamu, akaandika njia ya kaburi kwenye karatasi mapema kabla haijatoka yote, akaikunja, akaiweka chini ya msahafu. Asubuhi karatasi ilikuwa palepale, mwandiko wake, wino wake. Ilieleza jinsi ya kufika hosteli kutoka stendi ya basi.

"Dada," alisema, "wananiibia mutoto."

"Nani?"

"Ile karatasi."

Nadia alikuwa anakoroga sosi. Alitaka kumtuliza mdogo wake kama alivyomtuliza siku zote, akafungua mdomo akasema, "Pole, Mama..." Akakaa na kijiko hewani. Alitafuta jina, akalitafuta tena. Mwisho akasema, "Pole, Rukiya." Wote wawili walisikia. Nadia alizima jiko, akalia kwa hasira, akapiga ukuta kwa kiganja, na jina halikutoka ukutani.

"Liandike ku mukono yako," alisema. "Liandike sasa ivi, kabla miye sijasahau kwamba nililisahau!"

Rukiya aliandika KADIRI kwenye mkono wa kushoto kwa wino wa kufulia wa hospitali, ule wa kutia alama mashuka. Huo ulikaa. Mkono ulikuwa karatasi yake mwenyewe, na ofisi haikuwa na wino wa hospitali.

Rufaa ilisikilizwa kwenye ghorofa ileile, na Lucien yuleyule. Kesi ya ngedere ilipelekwa kwa nyani, ila nyani alikuwa na adabu na alileta maji ya kunywa. Safari hii mkalimani alikuwa Alphonsine wa Bukavu, mama mtu mzima mwenye mkoba mkubwa, aliyejua Kifaransa na aliyejua mu na ku zote za Kiswahili cha kwao. Aliomba jalada, akalisoma, akaanza kupumua kwa pua.

"Maman, huyu Kadiri ni nani?"

Rukiya alifunua mkono. "Ni mutoto yangu. Alifia njiani, kule Uvira."

Alphonsine alimgeukia Lucien. "Monsieur, hapa mumeandika 'environ neuf jours', kadiri siku tisa. Hii environ ni muntu! Environ iko na mama yake hapa! Hakutembea environ siku tisa, alitembea na mutoto wake, na mutoto akafia njiani, na Uvira haiko Amérique!" Kisha akasema yote hayo tena kwa Kifaransa kizuri, taratibu, kama mtu anayepanga vyombo.

Lucien alisikiliza mpaka mwisho. Alisikitika, na ilionekana. Alieleza kwamba katika maelezo ya kwanza hakuna mtoto, na katika maelezo ya pili yupo. Huko kunaitwa kupingana. Mtu anayepingana na maelezo yake mwenyewe haaminiki. Isitoshe, mwombaji alikuwa na rangi ya jua, bangili, na chembe za mchanga zilizokuwa zikidondoka kwenye zulia la serikali wakati huohuo. Hakuyasema hayo kwa ubaya. Alisema kama kweli mtoto yupo, bila shaka mama anajua alikozikwa. Aseme tu, na yeye ataandika.

Rukiya alikaa wima. Aliutazama mkono wake, akalisoma jina. Alifungua mdomo. Chumba kizima kilimngoja, na Alphonsine alikuwa ameinama mbele, tayari.

"Kuna daraja," Rukiya alisema.

Akangoja kilichofuata. Hakikuja. Alikuwa anajua kwamba kulikuwa na hatua, na idadi yake, na mti. Machozi yalimtoka bila sauti. Alphonsine alimshika goti akasema, "Jikaze, Mama Kadiri, jikaze," na Rukiya alijikaza kwa nguvu zote za mwili, lakini mahali pale palikuwa pamejengwa hoteli.

Lucien alisubiri dakika tano kwa saa ya ukutani, zaidi ya alivyotakiwa. Kisha akapiga muhuri. Siku tano.

Alphonsine alisimama, akamwambia kwa Kifaransa kwamba yeye ana watoto sita na hajawahi kumjua hata mmoja anayeitwa Takriban. Akachukua mkoba, akaenda kusimama mlangoni na kungoja, kwa sababu hakutaka mama yule atoke peke yake.

Lucien alikuwa anakusanya karatasi. Mkono wake ulikawia. Alimtazama Rukiya, akatazama picha ukutani, akashindwa kujizuia. Akauliza kwa Kihispania kama yule bibi kizee, Doña Elvira, bado anauza ndizi za kukaanga pale mchangani. Bibi huyo alimpikia Lucien kila siku miezi kumi na moja. Lucien hakuwahi kumwandikia.

Rukiya alijibu kwa Kihispania. Kwa mara ya kwanza hawakuhitaji mtu katikati. Alisema Doña Elvira alikufa wakati wa mvua za mwaka jana.

Lucien alikaa chini. Alifunika uso, akalia. Alipoweza kusema aliuliza amezikwa wapi.

Rukiya alimwelekeza. Ukiwa kanisani, pitia nyuma, mlango mdogo wa mbao. Hesabu mistari mitatu kutoka ukutani, kisha hatua kumi na mbili kuelekea baharini. Kuna mti wa mpera. Msalaba umepakwa rangi ya buluu, na kuzunguka kaburi kuna kombe kubwa saba za baharini.

Lucien alivuta karatasi safi, akafuta macho, akayaandika yote. Kisha akamwomba ataje jina kamili la marehemu, herufi kwa herufi, taratibu, asije akakosea.